Ottilia Kapinga, Aliyeifufua Orodha ya Mibuni

Dada yetu Ottilia Urbani Kapinga, tunayemsindikiza leo hapa Lundo, alizaliwa Kigonsera tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Urbani na Mama Luisa. Alisoma shule ya msingi palepale misheni ya Kigonsera, kisha sekondari Songea, na mwaka 1982 akahitimu kupiga chapa.

Mwaka 1984 aliajiriwa Mbinga na chama cha wakulima wa kahawa. Kompyuta ilipoletwa, aliingiza kwa mkono wake majina ya wakulima na mashamba yao. Soko huria likaja, chama kikafa, na kompyuta nayo ikafa. Aliomba apewe mashine ile mbovu pamoja na disketi zake. Wengi tulimcheka.

Alifunga ndoa na Mwalimu Tadei Komba wa hapa Lundo tarehe 5 Septemba 1987. Mtu wa milimani, alipofika huku ziwani alianza kukata vichwa vya usipa, visamaki vidogo kama dagaa, kimoja kimoja. Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, ukimaliza hivyo, tutakuwa tumeshalala njaa."

Mwaka 2003 Mama Bonifasia Hyera wa Kitura, mjane, alifukuzwa shambani na shemeji zake, waliodai kuwa shamba ni la marehemu kaka yao. Dada alikumbuka kuwa jina la mjane limo katika disketi zile, akapata programu inayoifanya kompyuta mpya ifanye kazi kama ile ya zamani. Alinakili disketi zote, akazipakia humo. Skrini ikabaki nyeusi siku nne. Kumbe ilikosekana programu ya kuwashia, iliyokuwa ndani ya chipu ya mashine ile mbovu. Akaichomoa, akaipeleka Songea kwa fundi redio Sadiki, aliyekuwa na kifaa cha kuisoma.

Aliporudi na nakala ya programu hiyo, alimwita mjane.

"Mama Kilian, si ilikufa hiyo?" mjane akauliza, akimwita dada kwa jina la mwanawe.

"Ilikufa. Niliyoyaandika yapo. Kaa hapa."

Orodha ikafunguka: Bonifasia Hyera, Kitura, mibuni mia nne, jina lake mwenyewe. Mjane akaomba asomewe tena. Baraza la kata lilipoona karatasi iliyochapwa kutoka orodha hiyo, likamrudishia shamba. Wajane kumi na saba wakafuata.

Mwaka 2005 dada aligundulika kuwa na saratani. Akiwa kitandani alinifundisha mimi, mdogo wake Hilda, kuipakia orodha ile, nami nilikosea mara nyingi. Tarehe 7 Februari 2006 nikaifungua peke yangu. Akatazama, akasema, "Umeweza. Sasa usiwafungie watu mlango." Alifariki asubuhi ya tarehe 9, Mwalimu Tadei akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, Mama Luisa na sisi ndugu wanne.

Mungu ampe pumziko la amani, dada yetu.