Nafasi ya Tano kwenye Ubao wa Gemu

Kisa hiki alikileta nyumbani kwetu kwanza Saada, muuza kahawa, siku ya Idi mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya kutokea. Ibrahimu alikuwa ameleta televisheni na mashine ya gemu kutoka Dubai, akafungua banda karibu na stendi ya Same. Wachezaji waliulizana kwa kelele mpaka akatundika ubao nje: maswali matano kwa siku, magwiji watajibu jioni. Kazi ya kuyachuja, yalivyoletwa kwa vikaratasi, aliwaachia watu wazima wa benchi la Saada. Asheri, mwenye mwandiko mzuri, ndiye aliyeshika chaki. Ijumaa ya kisa hiki ilibaki nafasi moja, na mfukoni alikuwa na swali lake mwenyewe, bila jina. Miezi mitatu alikuwa katibu wa ubao, na hakujua gemu inawashwaje.

— Soma, katibu, alisema Melkizedeki, waliyemwita Profesa.

— “Umeme ukikatika, aliyekuwa anaongoza kashinda?”

— Futa. Hilo la watu wa umeme.

— Lisifutwe, alisema Zebedayo, mkata mkonge. — Umeme ndio chakula cha gemu.

— Basi tuandike na bei ya unga. Endelea, katibu.

— “Ndege akipigwa risasi, nyama inakwenda wapi?”

— Hapo sasa, alisema Zebedayo. — Inabaki ndani. Umewahi kubeba televisheni wewe? Unafikiri ule uzito ni wa nini?

— Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ngamani, alisema Profesa. — Ndege anarudi Dubai kwa waya wa antena, kesho analetwa tena.

— Akiwa amechinjwa?

— Dubai hawali kibudu.

— Mnakunywa kahawa yangu au mnaivuta? aliuliza Saada.

Asheri akakunjua kikaratasi cha mfukoni.

— Hili halina jina. “Batani ya kuanzia ni ipi?”

Benchi likaangua kicheko.

— Kaandika mbuzi? aliuliza Zebedayo.

— Ubao una heshima yake, alisema Profesa. — Tunapokea maswali ya aliyekwisha kuingia ndani. Huyu bado anabisha hodi.

Asheri akacheka kuliko wote. Akaandika la ndege.

Mara akatoka bandani Bibi Veneranda, aliyeteremka na gari la asubuhi kutoka Myamba.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Ibrahimu kaniambia nicheze bure, kisha kaenda msikitini. Naitazama ile mashine, nayo inanitazama. Nasikia ninyi ndio wakubwa wa maswali. Nibonyeze wapi?

Profesa akachungulia kikombe chake. Zebedayo akaomba kahawa. Birika lilikuwa tupu.

Asheri akainuka, akamfuta ndege. Akaandika: “Batani ya kuanzia ni ipi?” Chini yake, kwa ule mwandiko mzuri, akaandika jina lake.

Profesa alizikwa Ugweno mwaka 2008. Zebedayo na Bibi Veneranda nao wametangulia. Ibrahimu alihama, habari zake hazijulikani. Saada yupo. Asheri yupo, na batani ni ile nyekundu, ya kulia.