Pete ya Nelio Kabla ya Posa

Kijiwe chetu kipo Mahurunga, ubavuni mwa ghala la korosho: benchi moja, birika moja la kahawa, na mwenye birika ni mimi. Siku hiyo Nelio alikuja na pete ya posa. Kwa desturi yetu pete hiyo hufungwa kwenye leso, na wa kwanza kuiona ni watu wa ukweni. Yeye akaifungua mbele yetu kwa woga wake. Jiwe lake la kahawia, na ndani limejaa chembe za dhahabu zinazometameta. Mimi roho yangu ilituama pale pale.

— Ni kioo, wazee, Nelio akasema. Muuzaji hakunificha. Wanayeyusha kioo na shaba, kikipoa polepole shaba inakuwa vichembe hivi. Kesho kwao Sharifa si watasema nimewadharau?

— Kioo wapi, akadakia Kassimu, tunayemwita Bomba kwa kuwa alilinda bomba la gesi Madimba. Hili limeivishwa na gesi chini ya ardhi.

— Acha hizo, akasema Raimundo, tunayemwita Profesa. Limelala Mnazi Bay likinywa jua miaka na miaka. Ndiyo maana wahenga wakasema mchumia juani hulia kivulini.

— Methali hiyo inaingiaje hapa? Bomba akauliza.

— Si linawaka kivulini?

Tukalitazama kivulini. Kweli liliwaka.

— Basi ni kipande cha nyota, Bomba akasema. Kiliangukia Ruvuma, mamba akakimeza, kikamuunguza, akakitema.

— Mimi nasema ni kioo, nikawaambia, na aliyekipika nampa heshima yake. Mlima ukitoa almasi haukujisumbua. Huyu kahangaika na moto mpaka kaziweka nyota ndani.

Pete ilikuwa kiganjani mwa Profesa alipotokea Bi Mwanaidi, shangazi yake Sharifa, kufuata kashata.

— Shikamoo, shangazi, Nelio akasema kwa sauti ndogo.

— Marahaba.

Akaichukua pete, akaigeuza juani, akatabasamu peke yake.

— Mashallah. Pete ya nani hii?

Bomba akachungulia kikombe chake. Nelio jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

Bi Mwanaidi akaiokota leso magotini pa Nelio, akaifunga pete mafundo mawili, akamrudishia.

— Basi sijaiona. Ila mwenyewe mwambieni kesho awahi, nina hamu ya kuiona.