Mama Mkasi Anaacha Mkasi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha katika idara yetu ya biolojia, Mama Mkasi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limebandikwa mlangoni, lakini mwanafunzi akiulizwa hulikumbuka kwa shida.

Jina la utani alilipata katika somo lake la kusoma makala za utafiti, linalofundishwa mwaka wa pili. Kabla ya kugawa nakala, hukata ikisiri, ule muhtasari wa juu, na hitimisho la mwisho. Zinabaki mbinu, majedwali na grafu. Mwanafunzi azichunguze, aandike hitimisho lake, ndipo apewe kipande kilichokatwa alinganishe. Wiki za kwanza darasa hununa. Vijana waliozoea kunakili ikisiri na kwenda zao hujikuta wakiuliza sampuli zilichaguliwaje. Mkasi wenyewe ameufunga kwa kamba mezani, maana anatujua sisi majirani wa ofisi: tukiazima kitu, ndiyo kimetoka hicho.

Nyumbani nako hakuna usalama. Mumewe analalamika kwamba hawezi kusifia dawa ya meno aliyoisikia redioni bila kuulizwa ilijaribiwa kwa watu wangapi, na nani alilipia jaribio.

Si kila mtu alilipenda somo hilo. Miaka kadhaa iliyopita mkuu wa idara alitaka lifutwe, saa zake zipewe maabara. Mama Mkasi, ambaye kwa ubishi hana mpinzani, safari hii hakubishana. Alimwomba tu aje darasani na makala yake mwenyewe. Ikakatwa kama nyingine, jina la mwandishi likaondolewa. Mkuu akakaa nyuma, akingoja sifa. Katika hitimisho lililokatwa alikuwa ameandika kwamba mbolea aliyoijaribu huongeza mavuno. Wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, wakasoma mahitimisho yao: mavuno yaliongezeka kwenye shamba moja tu, lile la karibu na mto. Binti mmoja akashauri mwandishi arudi shambani. Sisi tuliokuwepo tulitazama viatu vyetu. Mkuu alitoka, msimu uliofuata akarudi shambani kweli, na somo halikuguswa tena.

Ndiyo maana taarifa ya kustaafu ilitutia hofu: somo lingekufa. Kila mmoja wetu alikuwa na maabara ya kusingizia, mimi nikiwemo. Kwenye kikao cha mwisho, aliyenyoosha mkono ni mkuu mwenyewe. "Nipeni mimi," alisema. "Mimi ndiye najua linavyouma." Mama Mkasi alifuta miwani, kisha akaenda kuufungua mkasi kwenye kamba.

Mama, asante kwa yote. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na mume mvumilivu. Hitimisho la wasifu huu tumelikata, kama ulivyotuzoesha. Data ziko hapo juu. Zisome mwenyewe, utaona jinsi tunavyokupenda.