Evans Mwirigi na Mabomba Yaliyopakwa Mafuta

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama chai yako bado iko jikoni, nenda kaichukue, nakungoja. Mimi ni Bibi Faridah. Jioni hii tunakaa pamoja kumkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina, lakini huenda mzazi wako aliwahi kupumua kwa kazi ya mikono yake.

Evans Mwirigi amefariki dunia. Amefariki Jumapili asubuhi, nyumbani kwake Tottenham, akiwa anafunga kamba za viatu ili aende kanisani. Ni moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Ameacha mke wake, Serah, na binti yao mmoja, Makena.

Evans alikuwa mkandarasi wa mabomba ya gesi za hospitali. Nasema tena, kwa sababu watu walizoea kumpigia simu awatengenezee jiko. Hakuwa fundi wa jiko. Ukilazwa hospitalini, tazama ukutani nyuma ya kitanda. Utaona tundu dogo. Nesi huchomeka mpira pale, na wewe unapata oksijeni. Nyuma ya tundu lile kuna bomba la shaba. Limepita ndani ya ukuta, likapanda darini, likaenda hadi kwenye tangi kubwa nje. Watu kama Evans ndio wanaolipitisha. Mgonjwa halioni kabisa.

Alizaliwa Nkubu, kule Meru. Alikuja London akiwa kijana, akafagia ofisi za Stratford, halafu akajifunza kazi ya mabomba chini ya kampuni ya watu. Alifanya kazi chini ya watu miaka mingi. Serah ameniambia, "Bibi, shati zake zilikuwa zinanukia sarafu. Nilikuwa nafua nikicheka, namwambia, unanukia pesa na mfukoni hakuna kitu."

Mafundi waliofanya naye kazi wanakumbuka jambo moja. Akiona mgeni ameingia wodini kumtazama mgonjwa, Evans alizima drili. Alikaa juu ya sanduku lake la vifaa. Alisema, "Wacha waongee kwanza. Ukuta hauendi mahali."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nataka niwasimulie kazi yake moja. Ni kazi moja tu, lakini ndani yake utamwona Evans mzima.

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Evans alikuwa ameanzisha kampuni yake mwenyewe, watu wachache tu, na akapata kandarasi ya kwanza kwa jina lake. Ilikuwa hospitali ya askari wastaafu, kaskazini mwa jiji. Sitaitaja jina. Wodi moja ilikuwa na mabomba ya zamani sana, na Evans alitakiwa kuyaondoa yote na kuweka mapya. Wazee wakahamishiwa jengo la nyuma kwa muda. Kule nyuma hakukuwa na oksijeni ya ukutani. Waliohitaji oksijeni walipumua kwa mitungi.

Mmoja wao alikuwa Mzee Jaswinder. Ni Singasinga wa Kenton, aliyezaliwa Nakuru, akaja Uingereza kijana na kuingia jeshini. Mapafu yake yamechoka, hawezi kukaa bila oksijeni. Siku aliyomsikia Evans akiongea Kiswahili kwenye simu, alimwita kwa sauti.

"Wewe fundi! Wewe natoka wapi?"

"Meru, Mzee."

"Aree! Mimi zaliwa Nakuru. Baba yangu fundi ya reli. Sasa wewe iko leta hewa, ama iko leta kelele tu?"

"Naanza na kelele, Mzee. Hewa inakuja nyuma."

"Kelele nasikia mwezi mzima. Hewa bado ona!"

Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Na Evans akagundua kitu. Mzee Jaswinder hakuwa analala vizuri. Juu ya mtungi kuna mshale unaoonyesha oksijeni iliyobaki. Mzee aliutazama mshale ule muda wote. Manesi walimwambia, "Tunaangalia sisi, wewe pumzika." Hakuweza. Akifumba macho, anayafumbua tena kuutazama. Alimwambia Evans, "Oksijeni ya ukuta haina mshale. Ya ukuta, mimi nalala."

Evans akamwahidi. Akasema, "Ijumaa, Mzee. Ijumaa unalala kwenye kitanda chako."

Basi Ijumaa ikafika. Mabomba yote yalikuwa yameunganishwa na kupimwa kama yanavuja. Hayakuvuja. Kuta zilikuwa zimezibwa na kupakwa rangi. Kilichobaki ni kuingiza oksijeni yenyewe, ili mkaguzi wa hospitali aipime na kukubali kazi.

Evans alikuwa na desturi. Kabla ya kufungua valvu, yeye na mafundi wake walisimama pamoja wakaomba. Sala fupi. Siku hiyo aliyeomba alikuwa Déogratias, fundi wake kutoka Bukavu, mtu wa kanisa, mpole sana. Wote wanamwita Deo. Aliomba vizuri. Alipomaliza kusema amina, aliona Evans ana wasiwasi usoni, maana ilikuwa kandarasi yake ya kwanza. Akamshika bega amtie moyo.

"Papa Evans, usikuwe na woga. Ile matiyo yote nilishapakaa mafuta ya maombi. Moja moja. Tangu kule kwa depo."

Matiyo ndiyo mabomba, kwa Kiswahili cha kwao, na depo ni ghala.

Makena alikuwepo, maana alikuwa anamsaidia baba yake na mambo ya ofisi. Anasema baba yake alitabasamu kwanza. Halafu akauliza taratibu, "Ulipaka nje, Deo, ama ndani?"

"Ndani, Papa. Nilifungula kifuniko, nikatia kidole, nikapiga alama ya msalaba, nikafunika tena. Ni hewa itapita ndani, si nje."

Wasikilizaji wapendwa, niwaeleze. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini hulisha moto. Na mafuta ndiyo adui yake mkubwa. Mafuta kidogo ndani ya bomba la oksijeni, ukifungua kwa nguvu, yanaweza kuwaka. Ndiyo maana mabomba hayo huoshwa kiwandani, yakakaushwa, yakazibwa kila upande. Deo alikuwa amefundishwa mambo ya grisi. Amefundishwa kunawa mikono, kutogusa kwa glavu chafu. Lakini mafuta ya upako, kwake, hayakuwa mafuta. Yalikuwa sala. Haikumjia akilini hata mara moja kwamba ni kitu kilekile.

Hakuna aliyejua ila waliokuwa pale. Kuta zimezibwa. Mkaguzi anakunywa kahawa chini. Mzee Jaswinder amekwisha kufungashiwa vitu vyake, amevaa kilemba kipya.

Fundi mmoja akasema, "Bosi, ni kidole tu. Pengine ilishaungua wakati wa kuchomelea."

Evans akasema, "Pengine."

Halafu akaweka kufuli kwenye valvu. Akashuka chini mwenyewe, akamwambia mkaguzi kwamba kuna mafuta ndani ya bomba, kwamba oksijeni haitafunguliwa, na kwamba bomba lote litatolewa. Mkaguzi aliuliza ni nani aliyefanya hivyo. Evans akajibu, "Kampuni yangu." Aliulizwa tena. Akajibu vilevile.

Makena amekulia hapa. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nawapa kwa lugha yetu. Anasema, "Nilimkasirikia Baba. Nilimwambia, hakuna ambaye angejua. Akaniambia, Makena, wewe ungelala chini ya tundu lile?"

Kisha Evans akaenda jengo la nyuma. Angeweza kumtuma nesi. Alikwenda mwenyewe. Nesi wa pale, Tatiana, ndiye aliyenisimulia. Mzee alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, mfuko wake magotini.

"Twende?" akauliza Mzee.

"Hatuendi leo, Mzee. Kuna kosa kwenye mabomba. Lazima niyatoe yote nianze tena."

Mzee aliutazama mtungi. Akautazama mshale.

"Wewe nasema Ijumaa."

"Ndiyo. Nilisema."

"Nani naharibu?"

"Mimi, Mzee. Mabomba ni yangu."

Deo alikuwa amemfuata. Alikuwa nyuma ya mlango na akasikia. Akaingia, kofia yake ya kazi kifuani.

"Hapana, Baba. Si yeye. Ni mie. Niliweka mafuta ya maombi ndani."

Mzee Jaswinder akamtazama mtu huyu kutoka juu hadi chini.

"Wewe naomba nini kwa hii bomba?"

Deo akasema, "Niliomba ulale, Baba."

Tatiana anasema hapo hakujua atazame wapi. Mzee akaweka mfuko wake chini ya kitanda. Akasema, "Haya. Basi Mungu nasikia nusu. Nusu ingine iko kazi ya spana. Nenda, fanya kazi!"

Walikwenda wakafanya kazi. Kuta zilivunjwa. Shaba yote ikatolewa. Mabomba mapya yakaletwa, na Deo ndiye aliyepewa kuyapokea na kukagua vifuniko vyake. Sikilizeni hapo. Evans hakumfukuza. Hakumpeleka kusukuma takataka. Alimpa vifuniko. Serah alimuuliza kwa nini, naye akasema, "Kwa sababu hakuna mtu London nzima ambaye sasa ataviangalia kama Deo."

Lakini Deo alikuwa ameacha kuomba. Wenzake wakisimama, yeye anasimama kando, midomo imefungwa. Evans akaliona. Siku moja, wakati wa chakula, walikuwa nje kwenye bustani ya hospitali, mbali na kazi. Evans akavua kofia yake ya kazi. Akainamisha kichwa.

"Deo, bado una ile chupa?"

"Ninayo nyumbani, Papa. Siwezi kuileta hapa tena."

"Vizuri. Usiilete hapa. Jumapili basi, kanisani. Uanze na mimi. Mafuta ni ya watu, Deo. Bomba halina dhambi."

Wote wakacheka, na Deo akacheka, na akalia kidogo, kisha wakamaliza chapati zao wakanawa mikono mara mbili. Jumapili ile alimpaka kweli. Serah alikuwa kiti cha pili, aliona.

Baridi ilikuwa imeingia walipofungua oksijeni. Mkaguzi aliipima, akaikubali. Mzee Jaswinder alirudishwa kwenye kitanda chake, upande wa dirisha. Tatiana akachomeka mpira ukutani. Anasema Mzee alitafuta mshale kwa macho, huku na huku, akakuta hakuna. Akamwambia Tatiana, "Sasa nafanya nini na macho?" Kabla hajajibiwa, alikuwa amelala. Mkono mmoja ulining'inia nje ya kitanda kama wa mtoto. Ulikuwa mchana, saa ya chai. Hakuna aliyemwamsha anywe.

Nisiwafiche. Evans alilipa kwa kitendo kile. Jengo la pili la hospitali ileile lilipewa kampuni nyingine, kwa sababu yeye alichelewesha kazi. Hakulalamika. Alipata kazi ndogondogo, zahanati hapa, nyumba ya wazee pale. Wakipita kwa basi karibu na hospitali ile, anasema Serah, Evans alimgusa goti na kumwambia, "Wamelala." Tu. Halafu akaendelea na habari nyingine.

Wasikilizaji wapendwa, Evans Mwirigi amefariki Jumapili, akiwa na miaka sitini na mmoja. Kwa Serah, pole mama. Kwa Makena, pole mwanangu. Kwa ukoo wote wa Nkubu, na kwa mafundi waliomwita bosi na kumpenda kama kaka, poleni sana. Mungu awape subira. Sisi Waislamu tunasema, sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Na wewe unayesikiliza, nina ombi. Wiki hii mtu atakuharibia jambo, na atakuwa ameliharibu kwa sababu anakupenda. Pengine ni mtoto wako, pengine ni jirani. Usiache kosa lipite, maana kosa huua. Lisimamishe. Tia kufuli. Lakini yule mtu, fikiria kwanza utamfanya nini.

Ibada ya kumuaga ni Jumamosi, kanisani kwao Tottenham, kuanzia saa tano asubuhi, kisha mwili utasafirishwa kwenda Meru. Deo ndiye atakayeongoza sala. Alikataa mara mbili. Serah akamwambia, "Utaomba wewe," na mambo yakaisha.

Na Mzee Jaswinder anakuja. Daktari amemruhusu, na Tatiana atakuwa naye, pamoja na mtungi. Kwa hiyo mtakaofika mapema, nawaomba sana, kiti cha karibu na mlango mkiache wazi. Na akianza kuongea, mpeni nafasi amalize, maana anavuta pumzi kila baada ya maneno machache.