Ala ya Spika

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, na anayekalia upande wa tofali hujiona mwenyekiti. Asubuhi hiyo upande huo tulimwachia Spika, mnadi wa nguo za mitumba, ambaye sauti yake ndiyo duka lake. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiongea kama mtu anayetafuna huku akisalimia. Findo la upande mmoja lilikuwa limevimba kooni, wala halimuumi. Madaktari wakalikata kinyama kidogo, wakakipima, wakamwambia: si saratani, ni uvimbe wa nadra ulioota kwenye ala ya mshipa wa fahamu; kesho unatolewa pamoja na findo. Basi, neno "ala" likatua kijiweni.

— Ala ni zeze, ala ni filimbi — akasema Kamusi, mchora mabango, asiyekosa maana ya neno hata lisilokuwepo. — Kanadi mpaka koo limeota filimbi!

— Wacha wee! — akadakia Fundi Redio. — Ala ni nyumba ya kisu. Sasa niambieni, kisu kiko wapi?

— Jamani, dakta alisema ala ni kama... — akaanza Spika.

— Tulia, mgonjwa hajitibu — akamkatiza Fundi Redio. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Nguoni? Mwenzako kavimba koo.

— Si anauza nguo?

Hapo hata mimi niliona kuna hoja.

— Na huo mshipa? — Kamusi akashusha sauti. — Mshipa ninaoujua mimi hukaa chini ya mkanda. Ukifika kooni, ujue mtu kanyanyua robota zito mno.

— Lakini dakta...

— Haraka haraka haina baraka, Spika. Kesho usiende. Kwanza kisu kitafutwe kwa sumaku.

Fundi Redio akachomoa sumaku mfukoni, akaisogeza shingoni mwa mgonjwa. Ikanasa.

— Mmeona!

Ilikuwa imenasa kifungo cha kola. Kabla hatujakubaliana kama kifungo nacho ni dalili, akatokea mke wa Spika na mfuko wa nguo za kwendea hospitali.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, shemeji. Tunamshauri mumeo hapa.

— Ahsanteni. Na yeye mwenyewe kasemaje?

Birika zima la kahawa limekwisha, na Spika hajamaliza sentensi hata moja.

Spika akabandua sumaku kolani.

— Naogopa, mama watoto. Naogopa kuamka sina sauti.

— Ulimwuliza dakta?

— Nilimwuliza. Kasema ala ni ganda tu la mshipa, na sauti haikai kwenye findo. Na uvimbe wenyewe ukitoka wote, ni nadra kurudi.

— Sasa hofu umeitoa wapi?

Spika akatutazama, mmoja mmoja, mpaka akanifikia mimi. Nikainamia kikombe changu nikanywa kwa bidii. Hakikuwa na kitu.