Margaret Mweri Lewa (1963–2025), Aliyesikiliza Ndani ya Boti

Marehemu Margaret Mweri alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 huko Mwakirunge, Kisauni, mtoto wa tatu wa mzee Lewa Masha na mama Josephine. Alisoma shule ya msingi papo hapo nyumbani, sekondari ya bweni Kilifi, na mwaka 1987 akahitimu shahada ya fizikia jijini Nairobi.

Mwaka 1992 alifunga ndoa kanisani Changamwe na Bonface Kioko, mfanyakazi wa bandari, wakaishi Chaani. Bwana Kioko husema mkewe alikuwa akigonga tikiti maji sokoni hadi muuzaji akanuna.

Kazi yake ilikuwa kupima boti za faiba katika karakana moja ya Likoni. Ubavu wa boti hizo ni matabaka yaliyoshikanishwa kwa gundi. Marehemu alipitisha humo mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha akasoma mwangwi uliorudi kutoka kila mpaka wa tabaka. Hapo, alisema, ndipo alipouona ukuu wa Mungu: utando wa gundi mwembamba kama ukucha waweza kulirudisha wimbi, au kulipitisha lote kana kwamba haupo, kulingana na kasi ya mtetemo wake.

Machi 2009 aliidhinisha boti ya Bwana Rashad, iliyokuwa karibu kuanza kuvusha wanafunzi. Jioni ile chakula kilimshinda. Wimbi lilikuwa limepita kwa urahisi mno. Asubuhi alirudi, akatumia sauti ya mtetemo wa kasi zaidi, na sasa mwangwi ukaja kutoka mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Gundi haikuwa imeshika.

"Mama, jana si ulisema nzima?" aliuliza Bwana Rashad. "Wageni wa uzinduzi nimeshawaalika."

"Nilisema, na nilikosea. Ikate hapa."

"Na kama leo ndiyo umekosea?"

"Basi tafuta mpimaji mwingine. Lakini watoto hawapandi."

Ilipokatwa, matabaka yaliachana kwa vidole. Marehemu hakumsuta mtu. Alipapasa pale taratibu, akasema, "Jana wimbi lilipita hapa hapa, na sikuona kitu."

Mwaka 2023 alianza kuugua figo. Aliitwa na Muumba wake tarehe 2 Juni 2025, hospitalini Mombasa, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Bonface Kioko, watoto, Maryanne na Lewa, mjukuu, Quinter, na wengi waliovuka maji salama bila kulijua jina lake. Mungu Baba ampokee na kumpa pumziko la amani.