Muda Aliouomba Kipenga

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Jina la Kipenga alilipata akiwa na miaka kumi, siku alipochezesha mpira wa mtaani akakataa bao la dada yake mkubwa, eti ameunawa mpira. Dada aliapa hakuugusa, akamnunia wiki nzima. Kipenga hakubadili uamuzi, ila kila jioni alimwachia dada yake kipande kikubwa cha mkate.

Alihitimu sheria mwaka 1982, na mwaka uliofuata akaingia jeshini kama mwanasheria. Aliwafundisha askari kwamba hata vita vina sheria: raia halengwi, aliyesalimu amri hapigwi, majeruhi hutibiwa awe wa upande wowote. Makuruta walipomtania kwamba adui hajaisoma sheria hiyo, aliwajibu, "Sikuuliza habari za adui. Nawauliza nyinyi."

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili. Mkewe husema mume wake alidai ushahidi hata chumvi ilipozidi.

Tarehe 9 Septemba 1998, kikosi chake kikiwa vitani, adui waliingia katika hospitali moja wakaanza kufyatua risasi kutoka ghorofa ya juu. Kamanda alitaka mizinga ipige papo hapo. Kipenga alimweleza kwamba hospitali ikigeuzwa ngome inaweza kupoteza kinga yake, lakini kwanza litolewe onyo na muda wa kutosha, na wagonjwa waliomo wanabaki kuwa wagonjwa. Kamanda alifoka weee, mwishowe akakubali. Kwa dakika tisini wagonjwa walitolewa mlango wa nyuma, wengine na vitanda vyao. Adui walipojikuta wamebaki peke yao, walisalimu amri. Hakuna mzinga uliopigwa. Lakini katika dakika hizo hizo risasi ilimpata mpwa wa Kipenga, askari wa kikosi hicho hicho, na mguu wake ukakatwa.

Mama wa kijana huyo ni yule yule dada wa mpirani, naye ndiye anayewasomea maneno haya. Safari hii alinuna miaka kumi na mmoja. Kila mwisho wa mwezi Kipenga alileta mkate, akabisha hodi, akauacha mlangoni. Mwaka 2009 mwanawe alichoka, akamwambia, "Mama, kwenye mzinga nilikuwa mimi. Mjomba asingeomba muda, ningewaua wale wagonjwa kwa mkono wangu. Mguu sina, lakini usingizi ninao." Mwisho wa mwezi ule, hodi ilipobishwa, dada alifungua mlango.

Saratani ya ini ilibainika Januari 2023. Dada alihamia kwake kumuuguza pamoja na mkewe, na asubuhi ya tarehe 3 Mei 2024 Kipenga alituacha.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada, na mpwa aliyebeba jeneza leo kwa mguu wa bandia, akakataa katakata kupokewa.

Dada yake ana neno moja la kukiri mbele yenu nyote: ule mpira aliunawa kweli. Pumzika salama, Kipenga.